Siki na maganda ya risasi

Ndugu, umeuliza kama siki ya jikoni inafaa kusafishia maganda ya risasi ya shaba (iliyochanganywa na zinki) unayoyajaza upya baruti nyumbani kwako Texas. Inafaa, lakini kwa dakika chache tu, kwa kuwa ganda likikaa humo mno, asidi hula zinki iliyomo na kuliachia madoa ya rangi ya waridi. La namna hiyo mimi hulitupa. Dawa za kung'arisha zenye amonia ziepuke kabisa, maana huipasua shaba. Binafsi hutumia pipa dogo la kuzungusha, lenye maji, sabuni ya vyombo na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kuzungusha pakavu hurusha vumbi lenye sumu la madini ya risasi litokalo kwenye fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda. Kisha yakaushe hadi ndani, kwani unyevu huharibu baruti, na beseni ulilotumia lisirudi jikoni.