Kabla mgonjwa wenu hajapasuliwa

Kama mna mgonjwa anayengoja kupasuliwa, msingoje kidonda kitoe usaha ndipo muanze kuuliza. Maswali yenye faida huulizwa mapema.

Nimelala hospitalini hapa Bukavu nikimuuguza mama, aliyepasuliwa ngiri, na baadaye shemeji yangu, ambaye utumbo wake ulitoboka. Mama ana kisukari. Daktari alikataa kumpasua mpaka sukari ishuke. Jamaa walinung'unika, lakini mimi namshukuru hadi leo. Sukari ikiwa juu, mwili hushindwa kupigana na vijidudu na kidonda huchelewa kufunga. Kwa hiyo mwambieni daktari yote: kisukari, sigara, prednisoloni (dawa inayopunguza kinga ya mwili), kukonda. Mvutaji aache wiki 4 kabla, kama upasuaji si wa dharura.

Na wembe muuache. Wengi hunyoa tumbo nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji, wakidhani ndio usafi. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na humo ndimo vijidudu huzaliana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema nywele ziachwe. Ikilazimu, zikatwe kwa mashine. Mgonjwa aoge kwa sabuni, basi. Maji ya bomba ya Regideso yakikatika, mtafutieni ndoo. Antibiotiki ya kinga, yaani dawa ya kuzuia vijidudu kabla havijaingia kidondani, hutolewa ndani ya saa 2 kabla ya ngozi kukatwa. Kuiendeleza siku nyingi baadaye bila sababu hakuongezi kinga, kunavizoesha vijidudu dawa.

Shemeji alitoa usaha, ingawa tulifuata kila kitu. Utumbo ukitoboka, uchafu humwagika tumboni, na hatari huwa kubwa hata kwa daktari hodari. Walioanza kunong'ona kwamba amerogwa na jirani walimuumiza bure. Nyuzi chache zilifunguliwa, kidonda kikasafishwa kila siku, kikapona.

Wodini, kazi yetu sisi tunaouguza ni mikono. Mgeni anayetoka soko la Kadutu anawe kabla ya kumsalimia mgonjwa, na asikae kitandani. Bandeji isifunuliwe ili watu waone. Unga wa vidonge usinyunyizwe kidondani. Mleteeni samaki wadogo wa sambaza, mayai na maharagwe kuliko juisi za chupa.

Nyumbani, kiangalieni kidonda mpaka siku 30 zipite. Kikiwa cha moto, kikivimba, kikitoa maji yenye harufu, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au homa ikipanda, rudini siku hiyohiyo, hata kama deni la hospitali halijaisha.