Kabla hamjachangisha fedha kwa ajili ya usonji shuleni

Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya wanafunzi. Kila ikikaribia Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani (usonji, au autism, ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, inayogusa mawasiliano na hisi za mtu), hunijia kundi lenye hamu ya kuchangisha fedha. Huja na mpango kamili: muziki, fulana za bluu, mabango. Mimi huwauliza kwanza: mmeongea na nani?

Maana wenzao wenye usonji wapo humu humu madarasani, na hela inachangwa kwa jina lao. Klabu ilipowauliza, hakuna aliyetaja fulana. Mmoja aliomba vifunika masikio vya kupunguza kelele. Mwingine, ambaye haongei ila huandika vizuri sana, aliandika kwamba kengele ya shule humuumiza masikio hadi kipindi kinachofuata kinampita hivi hivi. Kengele ikapunguzwa sauti, bila kutumia hata senti. Fedha zikaenda kwenye vifunika masikio na kona tulivu ya maktaba, yenye pazia zito na taa isiyopepesa.

Lengo la namna hiyo hata kuchangisha ni rahisi. Ukimwambia mzazi "tunachangia uelewa", atakupongeza na kupita. Mwonyeshe kifaa na bei yake, ataingiza mkono mfukoni.

Picha ya mtoto mwenye sura ya huzuni huleta hela haraka, na ndiyo maana siikubali kwenye bango. Mtu hachangiwi kwa kudhalilishwa. Andikeni badala yake mambo ambayo watu bado wanayakosea: usonji hauambukizwi, hautokani na chanjo wala malezi mabaya, na si kila mwenye usonji ni sawa na mwenzake.

Halafu shughuli yenyewe. Itakuwa kichekesho ikiwa wahusika watakimbia kwa sababu ya spika! Tengeni saa ya kwanza isiyo na muziki, fungueni chumba kimoja cha kupumzikia, na ratiba itolewe siku kadhaa kabla, ikiwa na picha, ili mtu ajue kinachofuata. Asiyetaka kushikana mikono asilazimishwe.

Fedha zihesabiwe palepale, na wanafunzi wawili pamoja na mwalimu, kisha matumizi na risiti vibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Msihofu kuwaachia wanafunzi kazi hii. Mweka hazina wetu, binti wa kidato cha pili, alinirudisha dukani kwa sababu risiti niliyoleta haikuwa na tarehe.