Kurudisha injini na ekzosi ya jetski baada ya ovahoo

Ndugu, umeeleza kwamba injini ya jetski yako, Yamaha ya 701 cc yenye silinda mbili, ilikwama, ikachongwa silinda na kutiwa pistoni mpya, na sasa unataka kujua utaratibu wa kuirudisha pamoja na ekzosi yake ili uiingize majini Jumamosi hii. Kazi yangu ni kutengeneza vyombo hivi kaskazini mwa Unguja, na injini za aina hiyo zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Nakuomba uiahirishe hiyo Jumamosi. Katika maelezo yako hukusema ni nini kilichoikwamisha injini mara ya kwanza, na hilo ndilo linaloamua kama ovahoo yako itadumu.

Injini hii haina rejeta wala pampu yake ya maji. Maji ya bahari yanasukumwa na pampu ileile ya jeti inayokiendesha chombo, yanapita kwenye hozi hadi manifoldi ya ekzosi, yaani kipande kinachopokea moshi kutoka kwenye silinda, yanapanda kuzunguka silinda na silinda hedi, kisha yanaingia katika koti la chemba ya ekzosi, na sehemu yake inachanganyika na moshi ili kuipoza mipira inayoelekea tezi, yaani nyuma ya chombo. Kwa hiyo injini ikikwama, mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu: maji hayakupita, mafuta au oili haikutosha, au hewa iliingia mahali isipopaswa kuingia. Kuchonga silinda hakuponyi hata kimoja kati ya hivyo. Mteja mmoja aliniletea jetski ambayo injini yake ilikuwa imejengwa upya mahali pengine, kwa ustadi wa kweli, na bado ikakwama tena baada ya muda mfupi tu wa kutembea. Nilipoifungua chemba nilikuta koti lake limejaa chumvi iliyoganda pamoja na mchanga, kiasi kwamba waya mwembamba haukuweza kupita. Katika fukwe zetu hilo si ajabu, kwa sababu maji yakipwa, hasa nyakati za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari huondoka mbali sana, na watu wanaendelea kuziwasha jetski katika kina cha magoti ambapo pampu inafyonza mchanga moja kwa moja.

Ndiyo maana naanza na ekzosi ikiwa bado juu ya meza. Ondoa manifoldi, chemba na boksi la maji (lile ambalo moshi na maji hupitia kabla ya kutoka nje), uvitenganishe kabisa, na ukwangue gasketi za zamani bila kukwaruza nyuso za aluminiamu. Kisha unganisha mpira wa bustani kwenye kila njia ya maji, moja baada ya nyingine, na utazame maji yanatokea wapi na kwa nguvu gani. Yakitoka kwa kudondoka mahali ambapo yangepaswa kuruka, jaza koti hilo siki nyeupe, uiache ifanye kazi kwa saa kadhaa, usuuze kwa maji matamu mengi na urudie mpaka njia iwe wazi. Baada ya hapo ziba matokeo ya maji, ongeza msukumo kidogo na uangalie ndani ya njia ya moshi kwa tochi: hata tone moja likionekana humo, chemba imepasuka au imeliwa na chumvi, na ukiifunga hivyo utakuwa unapeleka maji ya bahari kwenye silinda zako mpya. Usisahau vipande vya pistoni ya zamani. Hujificha ndani ya chemba na boksi la maji, na kwa kuwa mawimbi ya moshi katika injini ya aina hii yanarudi nyuma kuelekea tundu la silinda, kipande kidogo kinaweza kurudi nayo.

Mipira ya ekzosi ikague kwa ndani, si kwa nje tu. Mpira ulioungua kwa kukosa maji unaweza kuonekana mzima ukiushika, kumbe tabaka lake la ndani limebanduka na linajifunga kama mlango kila moshi unapopita. Huo usiurudishe hata kama fedha ni chache.

Kabla ya kuishusha injini, ipime kama inavuja hewa. Ziba njia za kabureta na za ekzosi kwa vibati na mpira, ingiza hewa kwa pampu ya mkono hadi paundi 6 hadi 8 kwa inchi ya mraba, na usubiri dakika chache. Mshale wa geji ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye sili za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kwenye maungio ya krenki kesi, yaani nyumba yake, na kwenye mashina ya silinda, nayo mapovu yatakuonyesha. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu injini imetoka kufungwa na inaonekana nzuri. Mimi sikubali kuiruka, kwa kuwa hewa ndogo inayopenya kwenye sili inapunguza wingi wa petroli na oili inayofika kwenye pistoni, na pistoni hiyo inayeyuka huku kila kitu kingine kikiwa sawa.

Manifoldi ifunge kwenye injini ikiwa nje, ukitumia gasketi mpya, kwa sababu bolti zake za chini ni taabu sana kuzifikia injini ikishakaa ndani. Osha ngama, yaani sakafu ya ndani ya chombo, badilisha hozi ndogo zilizokakamaa, kisha ushushe injini kwa winchi na uziache bolti za mauntini, yaani vikalio vya mpira vinavyoibeba injini, zikiwa zimeshika tu bila kukazwa. Shimu, yaani vile vibati vyembamba vilivyokuwa chini ya mauntini, ni lazima kila kimoja kirudi kwenye pembe yake. Sasa shughulikia kaplingi. Moja iko kwenye krenki na nyingine kwenye shafti ya pampu, na kati yake kuna mpira unaopokea mshtuko. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya kaplingi zote mbili, kisha ubavuni, na upime uwazi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ukilinganisha na kipimo cha kitabu cha ufundi cha modeli yako; kama umeweka mauntini mpya, tegemea kwamba utalazimika kuongeza au kupunguza shimu. Kaplingi iliyopinda inakula ule mpira, inachosha bearingi ya shafti na kuitikisa krenki mpaka sili yake ianze kupitisha hewa, na hapo unarudi kwenye pistoni iliyoyeyuka.

Kaza mauntini, halafu leta chemba. Ingiza bolti zake zote kwa vidole, pamoja na zile za vishikizo vyake, kabla ya kukaza hata moja, kwa sababu ukikaza upande mmoja kwanza utalazimisha upande wa pili kufuata kwa nguvu, na vishikizo vitapasuka kwa mtikisiko. Bolti zitie gundi ya kuzuia kulegea ya daraja la kati na uzikaze kwa awamu kwa spana ya kupimia mkazo, ukifuata namba za kitabu. Mipira iingize kwa maji ya sabuni, wala si kwa grisi, na vibanio viwe vya chuma kisichoshika kutu, vichwa vyake vikielekea mahali ambapo bisibisi itafika. Ukimaliza pima kaplingi tena, maana uzito wa ekzosi unaweza kuivuta injini.

Kwenye pampu ya oili toa hewa yote katika mirija yake mpaka oili itoke bila povu.

Wakati wa kuwasha, acha kiti wazi kwa muda ili mvuke wa petroli utoke ngamani. Zungusha injini kwanza bila plagi, vifuniko vya plagi vikiwa vimegusishwa kwenye ardhi ya umeme. Ukitumia mpira wa bustani, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na wakati wa kuzima funga maji kwanza, vuta mafuta mara chache kwa sekunde 10 hadi 15 ili maji yatoke, ndipo uzime. Utaratibu huu hauna mbadala: injini isiyowaka haina moshi wa kuyasukuma maji nje, kwa hiyo yanajaa boksi la maji, yanapanda chemba na kuingia kwenye silinda, na kwa kuwa maji hayashindiliki, konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, ndiyo itakayopinda. Pia usitosheke na kile kitundu cha pembeni kinachorusha maji, kwani kinaonyesha tawi moja tu. Weka mkono juu ya chemba na mipira yake, na ikiwa pana joto la kuunguza, zima mara moja.

Tangi la kwanza litie oili ya TC-W3 (daraja la oili ya injini za majini za mipigo miwili) kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, juu ya ile inayoletwa na pampu ya oili. Kama pampu iliondolewa, tumia mililita 40 kwa lita, kisha urudi kwenye 20 baada ya tangi hilo. Endesha kwa kubadilisha mwendo, bila kushikilia mafuta hadi mwisho. Injini ikishapoa kabisa kagua tena mkazo wa silinda hedi na ekzosi, na utazame maungio yote kwa tochi. Masizi meusi yanaonyesha moshi unavuja, na mstari mweupe wa chumvi unaonyesha maji yanavuja. Kwenye manifoldi, ukiuona huo mstari mweupe, usiongeze mkazo: fungua, kagua kama uso wake umenyooka, na uweke gasketi nyingine.