Nina laki nne na nusu: nichukue risiva ipi ya mtumba?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mimi nakaa Tabata. Homu thieta yangu ya zamani, ile yenye DVD yake, imekufa, zimebaki spika tano na sabufa. Nimezunguka Kariakoo nikaona risiva mbili, zile mashine za kuendeshea spika za sinema. Moja imetoka Uingereza, ni ya mwaka 2006, nzito, haina HDMI, bei 220,000. Nyingine wanaiita refabishi ya Marekani, yaani iliyokarabatiwa, nyepesi, ina matundu manne ya HDMI, bei 400,000. Nyuma imeandikwa 120V, lakini muuzaji anasema nisiogope, plagi yake ni ya kwetu. TV yangu ni ya inchi 43, tunatumia king'amuzi, flashi na sinema za mtandaoni. Bajeti yangu ni 450,000. Nichukue ipi, na zile spika zangu zitafaa?

JIBU

Nzuri, ndugu yangu. Nashukuru umeuliza kabla hujalipa, kwa sababu hiyo ya pili ungeichomeka kwenye soketi ya nyumbani mara moja tu na hadithi ingeishia hapo.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, yaani unapiga mara 50 kwa sekunde. Kilichoandikwa 120V kimetengenezwa kupokea karibu nusu ya umeme huo, na plagi haibadilishi chochote. Muuzaji anakata plagi ya Kimarekani yenye pini mbili bapa, anafunga ya pini tatu, basi. Kuna kijana aliniletea risiva ya namna hiyo ameifunga kwenye shuka. Nilipofungua mfuniko, harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa chumba kizima, na chini ya transfoma kulikuwa na tone jeusi lililoganda kama lami. Fyuzi haikuwepo. Mahali pake mtu alikuwa amelehemu kipande cha waya. Fyuzi ingekuwepo, huenda transfoma ingepona.

Kwa hiyo dukani usianze na jina la kampuni, anza nyuma ya risiva, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Tafuta 220-240V au 230V, 50Hz. Chache zina kiswichi cha kuchagua volti. Hizo ni nzuri sana, ila hakikisha kimewekwa 220 au 240 kabla ya kuchomeka.

Utaambiwa ununue transfoma ya kushusha umeme. Inasaidia, lakini inashusha volti tu, hezi haizigusi. Risiva iliyoandikwa 60Hz peke yake ikilishwa hezi 50 kwa volti zake zilezile, chuma cha transfoma yake kinabeba sumaku asilimia 20 zaidi, ndiyo maana inavuma na kupata moto kuliko kawaida. Zile za Japani zina nafuu upande huo, kwa sababu Wajapani wenyewe wanatumia hezi zote mbili: Tokyo 50, Osaka 60. Shida yake ni kwamba zinataka volti 100, wakati transfoma nyingi za hapa mjini zinatoa 110. Tena redio yake ya FM kwa zile za zamani inaishia 90, na ya kwetu inafika 108, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar hutazipata.

Sasa hiyo HDMI inayokufanya utoe 180,000 zaidi. Mimi nakuambia usiinunue, na hapa naomba unielewe vizuri. Risiva ni vitu viwili ndani ya boksi moja. Upande mmoja ni amplifaya: transfoma, kapasita kubwa, transista na bamba la kupoozea. Upande huo unazeeka polepole, na ukiharibika vipuri vyake hapa mjini havikosekani. Upande wa pili ni bodi ya kidijitali, ndiyo yenye HDMI. Hiyo inapitwa na wakati haraka, inakaa kwenye joto la mwenzake, na chipu yake ikifa risiva inaweza kubaki bila picha wala sauti kwenye matundu yote. Bodi ya kubadilisha hupati, au unaipata ndani ya risiva nyingine mbovu. Isitoshe, HDMI za kabla ya 2009 hazina ARC, ile njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV, na baadhi yake zinapitisha picha tu, sauti haziigusi kabisa. Nyingi za kabla ya 2014 hazina HDCP 2.2, ule ulinzi wa kuzuia sinema zisinakiliwe, hivyo sinema za 4K ukizipitishia humo unaona giza.

Wewe picha ipeleke moja kwa moja kwenye TV: king'amuzi kwenye TV, flashi kwenye TV. Kisha toa sauti nyuma ya TV kwa waya wa optikali, ule mwembamba unaoingia kwenye kitundu cha mraba chenye mlango mdogo na taa nyekundu ndani. Risiva ya 2006 kwa kawaida inacho kitundu hicho, na kupitia hapo inapokea Dolby Digital na DTS, yaani sauti za sinema za njia tano, kila spika na njia yake. Angalia leo kama TV yako nayo inacho, kwa sababu nyingine mpya wamekiondoa. Ukishaunganisha, ingia kwenye menyu ya sauti ya TV uchague Bitstream, yaani TV ipeleke sauti ya sinema kama ilivyo. Ukiiacha PCM utapata stereo tu, kisha utakuja kulalamika kwamba risiva ni mbovu. Jambo jingine ulijue mapema: TV nyingi zinatoa njia tano kwa sinema za programu zake za ndani, ila king'amuzi kinashuka kuwa stereo. Hapo washa Pro Logic II kwenye risiva, itasambaza sauti ya mpira vizuri tu.

Unachokosa ni Atmos, ile sauti inayotokea hata juu ya kichwa, na zile sauti za diski za Blu-ray zisizobanwa. Kwa sebule ya Tabata na matumizi uliyoniandikia, hutazililia.

Basi rudi kwa yule wa 220,000, lakini nenda asubuhi, usiwe na haraka. Beba simu yenye muziki unaoujua na waya wake, spika moja ndogo, na kama una rafiki fundi beba mita ya kupimia umeme. Ukiiwasha, hesabu. Baada ya sekunde chache utasikia "tik" ndani, hiyo ni rilei inafungua njia ya spika. Kama haisikiki, au kioo kinaandika PROTECT, iache, huenda kuna transista imekufa. Kabla hujaunga spika, pima volti za DC kwenye kila jozi ya matundu ya spika: chini ya milivolti 50 ni sawa. Zikifika volti nzima, risiva hiyo ni mbovu na inaweza kuharibu spika yako. Halafu sauti iwe sifuri na sikio liwe karibu na spika: mvumo mdogo si kitu, mvumo unaosikika ukiwa umesimama maana yake kapasita zimechoka. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza ni vumbi na kutu, kinasafishika, tumia hilo kupunguza bei. Hamisha ile spika ndogo kwenye njia zote tano, moja baada ya nyingine, kwa sababu mara nyingi ya katikati ndiyo imekufa na muuzaji anakuonyesha za mbele tu. Iache ipige nusu saa. Makosa mengi hayatokei mpaka ipate joto. Muuzaji akikataa, shukuru, ondoka.

Omba pia mfuniko ufunguliwe. Kama skrubu zina mikwaruzo kichwani, fundi mwingine ameshapita humo. Angalia kapasita zilizovimba juu, kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa, maana hewa yetu ina chumvi, na kinyesi cha mende. Mende wanapenda kulala karibu na transfoma, na uchafu wao unaunganisha njia za bodi.

Rimoti usiisahau. Risiva nyingi huwezi kufika kwenye mipangilio ya spika bila rimoti yake.

Kuhusu wati, soma nyuma pia. Risiva inayokula wati 240 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 100 mfululizo kwenye spika tano kwa pamoja, hata stika ya mbele iseme nini. Uzito unasema ukweli zaidi: kilo nane hadi kumi na mbili ni dalili ya transfoma ya maana. Hiyo nyepesi uliyoishika ilishajieleza.

Sasa spika zako, na hapa sina habari njema. Geuza moja usome nyuma. Za homu thieta mara nyingi zimeandikwa omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na risiva nyingi zinataka 6 hadi 16. Spika ya omu 3 inavuta umeme mara mbili ya ile ya omu 6, risiva itachemka na kujizima ukiongeza sauti. Sabufa yako nayo haina amplifaya ndani, ilikuwa inaendeshwa na ile DVD iliyokufa, wakati tundu la sabufa kwenye risiva linatoa ishara ndogo tu kwa sabufa yenye umeme wake. Haitatoa hata mguno.

Kwa hiyo ile 230,000 inayobaki inunulie spika mbili za mtumba za omu 8, za mbao, uanze na stereo. Mbili nzuri zitakupa sinema kuliko tano za plastiki, na ya katikati utaongeza ukijaliwa. Kabla ya kulipa, sukuma koni taratibu kwa vidole vyote kwa usawa: ikikwaruza, huenda koili imeungua. Bonyeza na sponji ya pembeni, kwa unyevu wa Dar nyingine zinabaki unga mkononi.

Usimalize pesa yote hapo. Bakiza ya TV gadi inayochelewesha umeme dakika chache ukirudi baada ya kukatika, na bakiza ya waya wa optikali. Risiva iwekee nafasi ya kama sentimita kumi na tano juu yake, na mwambie shemeji kile kitambaa cha kufuma akitandike kwenye meza.