Vichaka vya Kijani kwa Kipande Kidogo chenye Jua Kali

SWALI: Kati ya ukuta wa saruji na njia ya kuingilia nyumbani kwangu kuna kipande cha mita 3 kwa mita 1, kinachopigwa na jua tangu adhuhuri hadi magharibi. Nataka vichaka visivyopukutisha majani wala kuziba dirisha. Muuza miche ananishauri nipande duranta, jirani anapendekeza isale, nami nimependa iksora. Nichague upi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, usiupime mche kwa kimo chake ukiwa kwenye kiriba, yaani mfuko unaooteshewa. Duranta inayouzwa ikiwa na urefu wa goti hufikia mita kadhaa ikiachwa, kwa hiyo utaishika mikasi mwaka mzima. Tena matunda yake ya njano yana sumu, jambo la kuangaliwa sana penye watoto. Isale haipukutishi majani, lakini imezoea kivuli, na joto linalorudishwa na ukuta huweza kuunguza ncha zake. Ibaki mpakani mwa shamba, inakozoeleka kupandwa.

Iksora inafaa kwa kimo na hupenda joto la Moshi kuliko baridi ya Arusha. Tatizo ni ukuta wako: chokaa ya saruji huchujikia kwenye udongo, na iksora, inayotaka udongo wenye tindikali kiasi, hushindwa kupata madini ya chuma, majani yakageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hudhani mmea una kiu, wakazidisha maji bure.

Mimi ningechagua karisa ya kibete, yenye asili ya pwani ya kusini mwa Afrika, ambayo majani yake manene yanastahimili jua, maua yake meupe hunukia, na tunda lake jekundu huliwa likiiva. Ina miiba, kwa hiyo ipande upande wa ukutani, lakini isiguse ukuta. Kandokando ya njia weka rozimari, ambayo haisumbuliwi na chokaa na itakufaa jikoni ukipika nyama ya mbuzi; inachochukia ni maji kutuama, basi inua tuta kidogo. Ipunguze matawi mara kwa mara yakiwa mabichi, kwani ukikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani, haichipui tena.

Panda masika yanapoanza, mwezi Machi, ukichanganya mboji na kuacha sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche. Ondoa kiriba chote, na mizizi iliyojizungusha ifumue kwa vidole kabla ya kufukia.