Barua kwa mwanangu: damu isiyoandikwa haina shahidi

Mwanangu,

Umeniuliza siku zangu zilikoma nikiwa na miaka mingapi, ili nawe ujue zako zitakoma lini. Una miaka 46, miezi miwili hukuona kitu, kisha damu ikaja siku 10 mfululizo. Haya, mimi nilikoma na miaka 51. Lakini umri wa mama ni dokezo tu. Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na hata ndugu wa tumbo moja hupishana. Tena kukoma huhesabiwa kwa kurudi nyuma: hadi itimie miezi 12 bila damu. Ukiona damu mwezi wa 11, unaanza hesabu upya.

Ningependa ungeuliza kwa nini ilikaa kimya kisha ikamwagika. Mayai yakipungua, mwezi mwingine hakuna linalopevuka. Projesteroni, homoni inayouzuia utando wa ndani wa mji wa mimba usinenepe mno, hutoka kwa wingi baada ya yai kutoka. Lisipotoka, homoni nyingine, estrojeni, hubaki peke yake ikiunenepesha utando huo, na hakuna wa kuizuia. Utando ukizidi unene humeguka vipande vipande, leo hapa, kesho pale, ndiyo maana damu huwa nyingi na haikatiki upesi. Mzunguko ukianza kupishana kwa siku 7 au zaidi, mpito wa kuelekea kukoma umeanza. Ukifika kuruka siku 60, mara nyingi mwisho umebakiza mwaka mmoja hadi mitatu.

Kwa hiyo yako inaeleweka, na nilitaka kuishia hapo. Lakini hata ya mama yako mdogo ilieleweka. Naye alikuwa na miaka yako hiyohiyo, na sote tukasema ni umri. Unakumbuka alivyokuwa akitafuna barafu usiku, kru, kru, hadi mnacheka chumbani? Hamu ile ya barafu ilikuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na hakuna aliyeijua. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatafuta kitu mkobani. Siku alipoanguka mlangoni, wingi wa damu mwilini ulikuwa 5.8, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Daktari akauliza ilianza lini, pedi ngapi kwa siku. Tulitazamana. Kumbe palikuwa na uvimbe ndani ya mji wa mimba, wala si umri peke yake. Swali lile bado linanichoma: ilianza lini?

Damu isiyoandikwa haina shahidi. Chukua daftari. Kila siku ya damu andika tarehe, idadi ya pedi, na kama ililowa yote au nusu. Mabonge yapime kwa macho: yakifikia upana wa sentimita 2.5, yaandike. Andika pia joto la ghafla, lile linalopanda kifuani hadi usoni kwa dakika chache kisha likuache na jasho, pamoja na usiku uliokosa usingizi.

Pedi ikilowa chapachapa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au kizunguzungu kikikushika, nenda siku hiyohiyo. Damu ikipita siku 7, ikitoka kati ya hedhi mbili au baada ya tendo la ndoa, panga kumwona daktari. Na ikitokea siku moja umetimiza mwaka bila kitu, kisha ukaona hata tone, nenda, usingoje la pili.

Siku 10 zako zimeshapita kipimo hicho, basi nenda wiki hii. Kwanza kipimo cha mimba, usinune: kuruka miezi si kinga. Anayekoma kabla ya miaka 50 huendelea kujikinga kwa miaka miwili. Baada ya 50, mwaka mmoja. Kisha wingi wa damu, akiba ya chuma, tezi ya shingo kama daktari ataona dalili zake, na altrasaundi. Kwa umri wako anaweza kutaka kipande cha utando akipime, mkubalie. Kipimo cha homoni usikihangaikie, maana kwa sasa homoni hupanda na kushuka, majibu ya leo hayatafanana na ya mwezi ujao. Ukipewa vidonge vya chuma, meza mbali na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Kuhusu homoni za kutuliza joto, ulimi unaniwasha. Zinasaidia kweli, hasa zikianza kabla ya miaka 60. Lakini mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni bila projesteroni, kwa sababu ya utando uleule, na aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda mishipani kwa kawaida huelekezwa kwenye dawa nyingine. Ningekuwa mimi ningekuambia... basi, niache. Mwili ni wako, nami sijaona vipimo vyako.

Daftari lianze na hizo siku 10. Kaa uzikumbuke moja moja kabla hazijakutoka kichwani, halafu nisomee kwenye simu.

Mama yako