Maswali yenu kuhusu koala: usingizi, mikaratusi na ule mlo wa mtoto

Majuzi niliandika kuhusu wanyama wa Australia, nikamgusia koala kwenye aya moja tu, basi maswali yakaja mengi mpaka nikaona nimtengee nafasi yake mwenyewe. Nimechukua yale yaliyojirudia rudia na nimeyafupisha, mtanisamehe.

Mwalimu alituambia koala ni aina ya dubu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapana mdogo wangu, sio dubu kabisa. Wazungu waliofika kule mwanzoni waliona manyoya na yale masikio ya duara wakamwita dubu, na jina likaganda. Koala ni mnyama wa mfuko, kundi moja na kangaruu, na ndugu yake wa karibu kuliko wote walio hai leo ni wombat, mnyama mnene wa miguu mifupi anaechimba mashimo ardhini. Undugu wenyewe unaonekana kwenye mfuko, maana mfuko wa kangaruu mdomo wake uko juu, ila wa koala umeelekea chini na nje kama wa wombat. Kwa mchimbaji hiyo ni akili nzuri, udongo hauingii kwa mtoto. Koala yeye anaishi mtini lakini karithi hivo hivo, kwahiyo ana msuli wa kubana mdomo wa mfuko, kama unavyovuta kamba ya kaptula, mtoto asidondoke.

Kwa nini analala saa 20 kwa siku? Nasikia yale majani yanamlewesha. (Kaka wa Dodoma)

Hili ndo swali lililoulizwa kuliko yote, na naomba nilijibu kwa urefu, maana huyu mnyama anasingiziwa sana.

Kaka, kama umewahi kujifunika blanketi ukapiga nyungu ya majani ya mkaratusi unaijua ile harufu inavyopanda mpaka kichwani. Yale mafuta mti hauyatengenezi kwa ajili ya mafua yetu, ni silaha yake ya kukataa kuliwa. Ndani ya jani kuna mafuta, kuna kemikali zingine za sumu, nyuzinyuzi ngumu nyingi, na protini kidogo sana. Wanyama wengi wakilijaza tumboni wataumwa au watakufa. Koala ndo chakula chake kikuu, nusu kilo mpaka kilo nzima kwa siku, na kabla ya kula ananusa jani kwanza, saa ingine analiacha na kuchukua la pembeni yake. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vyote vya koala wakakuta ana jeni nyingi kupita kawaida za kutengeneza vimeng'enya vya ini vinavyovunja sumu, pamoja na jeni nyingi za kuonja uchungu. Yaani mwili mzima umejengwa kwa ajili ya jani ambalo wengine hawalitaki.

Alafu kuna utumbo. Pale kwetu binadamu kidole tumbo kinapoanzia kuna kifuko kidogo tu cha utumbo, kwa koala kifuko hicho kinafika kama mita 2, wakati mnyama mwenyewe hata mita 1 hafiki! Humo ndani majani yanachachushwa na bakteria taratibu kwa siku kadhaa ili apate chochote cha kupata. Sasa piga hesabu: kinachoingia ni kidogo, kusafisha sumu kunagharimu, kusaga kunagharimu. Nyumba yenye kipato kidogo inazima taa mapema, na koala ndo anachofanya. Hata ubongo wake ni mdogo ukilinganisha na mwili, na ubongo ni kiungo kinachokula nguvu nyingi. Hajalewa na wala sio mvivu, anabana matumizi ili aishi.

Niliona video mtoto wa koala anakula kinyesi cha mama yake, nilichefukwa kweli. Anaumwa? (Mama wa watoto watatu, Mwanza)

Mama, haumwi, hapo anaachishwa ziwa. Mimba ya koala inachukua siku 35 hivi tu, na mtoto anazaliwa ana urefu wa kama sentimita 2, uzito haufiki gramu 1, kipofu, hana manyoya, na anajikokota mwenyewe mpaka mfukoni ashike chuchu. Anakaa humo miezi kama 6 akinyonya. Akifika wakati wa kuanza majani kuna tatizo, kwamba wale bakteria wa kuchachusha mkaratusi hazaliwi nao. Hapo mama anatoa uji laini, sio kile kinyesi kikavu cha kila siku, unatoka kule kwenye kifuko cha utumbo na umejaa bakteria hai. Mtoto anatoa kichwa mfukoni (ule mdomo wa mfuko ulioelekea chini sasa unamsaidia) anaula. Baada ya hapo anapanda mgongoni kwa mama mpaka karibu mwaka mmoja.

Na hao bakteria sio jambo dogo. Kule Cape Otway, jimbo la Victoria, mwaka 2013 koala walikuwa wengi wakamaliza majani ya aina moja ya mkaratusi wanayoipenda, na wengi wakafa njaa wakati mikaratusi ya aina nyingine ipo palepale. Watafiti wakajiuliza kwa nini hawakuhamia mti wa pili. Baadae wakachukua kinyesi cha koala wanaokula ule mti wa pili, wakaweka kwenye vidonge, wakawapa wale wa mti wa kwanza, na bakteria wa tumboni wakabadilika na baadhi yao wakaanza kula zaidi yale majani waliyokuwa wanayakwepa. Kwahiyo mama anapompa mtoto ule uji anampa na aina ya mti atakaoweza kuula.

Huku kwetu mikaratusi imejaa, tunauza nguzo za umeme. Mbona serikali haileti koala watalii waje? (Mfanyabiashara, Mafinga)

Ndugu yangu, wazo lako lina mvuto ila naomba lisitokee. Kwanza kuna aina zaidi ya 700 za mikaratusi, na koala wa eneo moja anategemea aina chache tu. Lakini tuseme ya kwetu ataila, maana kusini magharibi mwa Victoria koala wameingia wenyewe kwenye mashamba ya mikaratusi ya biashara. Unajua kinachotokea? Mashine zikija kuvuna, koala yuko juu ya mti. Wapo wanaovunjika mifupa na wapo wanaokufa, na wenye mashamba inabidi watume watu kukagua mti kwa mti kabla ya kukata.

Pili, angalia Kangaroo Island. Miaka ya 1920 walipelekwa koala wachache, chini ya 20, kisiwani ambako hawakuwahi kuwepo. Wakazaana mpaka wakawa makumi ya maelfu, wanamaliza miti, na tangu 1997 serikali ikaanza kuwafunga uzazi. Na hiyo ni nchi yao wenyewe. Sisi tuna perere wetu (pimbi wa mtini) huko milimani wanahitaji misitu ya asili, pesa hiyo ikawalinde wao.

Joto la Australia halina tofauti na letu huku. Mnyama mwenye manyoya vile anavumiliaje, na ni kweli hanywi maji? (Muscat)

Maji mengi anayapata kwenye majani, ndo maana zamani watu walisema hanywi kabisa. Lakini mvua ikinyesha analamba maji yanayoteremka kwenye shina, na ukame ukizidi atashuka kutafuta maji chini. Ukiona koala anashuka mchana kuomba maji kwa watu, ujue hali ni mbaya.

Kuhusu joto, mwaka 2014 watafiti walipima mashina ya miti kwa kamera za joto wakaelewa kwa nini siku za jua kali koala analala amekumbatia shina, miguu inaning'inia. Shina ni la baridi kuliko hewa, na anamwagia joto lake pale. Mti uliokuwa wa baridi zaidi hata sio mkaratusi, ni ule tunaouita mwati, uliopandwa Njombe kwa ajili ya magome, ambao kwao ni hukohuko Australia. Ulikuwa chini ya hewa kwa nyuzi 5 hivi. Koala hauli mwati, anaupandia ubaridi tu. Kwahiyo mtu akikwambia tumeacha miti ya chakula tukakata mingine, hajamsaidia sana.

Ana alama za vidole kama binadamu? (Nairobi)

Anazo, na hata kwa darubini zinafanana na zetu sana. Mkono wa mbele una vidole gumba viwili vya kushikia tawi.

Nilisikia sauti yake, nilidhani ni nguruwe mkubwa. Ni yeye kweli? (Dada, Arusha)

Ni yeye, dume, msimu wa kutafuta jike. Ana mikunjo ya ziada ya sauti nje ya koo la kawaida, ndo maana mnyama wa kilo 8 anatoa mngurumo mzito ambao ungeutegemea kwa mnyama wa ukubwa wa tembo. Dada yangu wa Arusha, waliolala karibu na msitu wakamsikia perere usiku wanaelewa kwamba ukubwa wa sauti sio ukubwa wa mwili.

Ni kweli koala wana klamidia? Na wamebaki wangapi? (Wengi mmeuliza)

Ni kweli, klamidia ni ugonjwa wa bakteria unaoambukizwa kwa ngono, na inawatesa. Inawapofusha macho, inaharibu kibofu, inawafanya majike wagumba, na mtoto anaweza kuipata kwa mama. Dawa za antibayotiki zipo ila zinaua na wale bakteria wa tumboni, unamponya ugonjwa anakufa njaa. Chuo kikuu cha Sunshine Coast walihangaika zaidi ya miaka 10 na chanjo, na Septemba 2025 mamlaka ya Australia ikaipitisha, sindano moja tu. Siku naisoma habari ile nilifurahi kama nimepewa ya kwangu.

Idadi ni ngumu kwa mnyama anaejificha juu ya mti. Zamani waliuawa kwa ajili ya ngozi, serikali ya jimbo la Queensland ilifungua uwindaji Agosti 1927 na zaidi ya ngozi 500,000 zikapatikana kwa mwezi mmoja. Moto wa 2019 mpaka 2020 ulikadiriwa kuua, kujeruhi au kuathiri zaidi ya koala 60,000. Februari 2022 wale wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra wakatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Ila kinachowamaliza siku zote ni ukataji wa miti kwa ajili ya mashamba na nyumba. Miti ikiachana anashuka, akishuka anakutana na gari na mbwa.

Naenda Brisbane kumtembelea mwanangu, naweza kumbeba koala nipige picha? (Mama, Tanga)

Brisbane iko Queensland, na huko sheria inaruhusu sehemu maalum, na koala mmoja habebwi zaidi ya dakika 30 kwa siku. Lakini Lone Pine, hifadhi maarufu ya hapohapo Brisbane iliyoanza 1927, waliacha kubebesha wageni mwaka 2024, sasa unasogea karibu unamwangalia. Nenda huko mama yangu, nenda jioni jioni wakati wanaamka kula, na upige picha bila mwanga wa kamera.